Kulea Mzazi Kwenye Nyumba ya Kupanga

Baba mwenye nyumba aliniamkia kwanza. Hilo simnyimi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema, "Shikamoo, bibi." Nikaitikia marahaba. Akasema, "Kesho asubuhi uondoke."

Nilikuwa nimeinama naponda mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama. Sikuinuka. Mtori ukiuacha katikati unashika mabonge, na mzazi mwenye mtoto mchanga halishwi mabonge. Nikamwambia, "Baba, subiri nimalize sufuria hii, kisha useme tena, maana masikio ya bibi yana nta."

"Umesikia, bibi. Mgeni kwenye nyumba yangu ni siku tatu. Imeandikwa pale ukutani."

Ni kweli iliandikwa. Ukuta wa ndani ya geti, rangi nyekundu, herufi za kuinama kama mlevi anarudi nyumbani. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini rangi nyekundu naisoma. Mgeni mwisho siku tatu. Geti linafungwa saa nne. Jumapili hakuna kufua. Watoto wasicheze uani. Na mengine yalikuwa chini kabisa, yamefichwa na ndoo za watu. Yule baba alikuwa na amri nyingi kuliko Musa, na Musa alipewa za kwake na Mungu.

Sasa nieleze nilikuwa nafanya nini pale Pasua mjini, mtu mwenye nyumba yake na migomba yake Mwika mlimani.

Mwanangu wa mwisho ni mpagazi. Anabeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, anaondoka wiki nzima, anarudi midomo imepasuka kwa baridi. Yeye na mkewe walipanga vyumba viwili Pasua. Mkewe akajifungua mtoto wa kiume, lakini kwa kisu, na kidonda kikakataa kufunga. Nikataka nimpandishe mlimani nimlee nyumbani kama nilivyowalea wenzake. Nesi akakataa. Akasema huyu akae karibu na hospitali, kidonda kiangaliwe.

Kwetu Uchagani mwanamke akizaa, mama mkwe ndiye anayemlea. Miezi mitatu. Hachoti maji, hashiki jembe, hafui hata leso. Kazi yake ni kunyonyesha, kulala na kula. Anakula mtori, anakula nyama, anakunywa maziwa na supu ya kwato, mwili unarudi. Wanaume wa nje hawaingii alipo. Siku akitoka anatoka anang'aa, na watu wanasema huyu amelelewa. Akitoka mifupa mitupu, hasemwi yeye. Nasemwa mimi, na nitasemwa mpaka kaburini.

Basi mzazi asipopanda mlima, mlima utashuka kwa mzazi. Ng'ombe nikamwachia shemeji yangu, nikashuka na mikungu ya mshare, ndizi ile ya mtori, na samli, na maziwa kwenye dumu. Jua la Pasua likanipokea kama kofi. Na kwa kuwa nililelewa na watu, mkungu mmoja, ule mnono kuliko yote, nikampelekea mwenye nyumba. Hivyo ndivyo tunavyoingia kwenye kihamba cha mtu. Kihamba ni shamba la ukoo lenye nyumba yako na migomba yako, na kwenye kihamba neno la mwenyewe ndilo la mwisho. Huwezi kupita katikati ya migomba ya mtu umenyamaza kama mwizi.

Yule baba ni mtu wa mlimani kama mimi. Aliupokea mkungu kwa mikono miwili, akaushukuru kwa Kichaga. Nikajua tumeelewana. Kumbe yeye alielewa lake.

Nilipomaliza kuponda mtori nikamgeukia. "Baba, mimi si mgeni. Mimi ni mama wa mpangaji wako, na ndani kuna mzazi mwenye kidonda. Nikiondoka kesho nani atamchotea maji? Mume yuko mlimani."

"Bibi, ulipokuja uliniletea ndizi, ukaomba kukaa. Nikakupa siku tatu. Sasa zimeisha."

"Nilikuletea salamu. Maombi nampelekea Mungu."

"Hapa ni kihambani kwangu!" Sauti ikapanda. "Nani anaingia kihambani kwa mtu anapanga yeye?"

Neno hilo lilinigusa. Tangu utotoni nimejua kwamba kwenye kihamba cha mtu unainamisha kichwa. Nilimwangalia akienda, nikaona miguu yangu yenyewe inataka kutafuta kikapu. Mkwe wangu alikuwa amesikia yote. Alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja kwenye kidonda, mtoto begani, akaniambia, "Mama, nenda tu. Nitajitahidi."

Atajitahidi! Ndoo ya maji inaingia kwenye mkono wa mtu aliyeshonwa tumbo, na yeye anasema atajitahidi. Nikamwambia, "Wewe lala. Kujitahidi kwako ni kunyonyesha."

Nikamchotea mtori, nikakaa kwenye kigoda nikimwangalia anakula, nikawaza. Kwangu Mwika, mtu akija simtozi kulala. Namlisha. Akiugua namuuguza, akifa namzika. Ndiyo maana neno langu linasikika pale. Huyu baba hamlishi mwanangu. Mwanangu anamlipa, na anamlipa mbele, miezi sita kabla hajalala hata usiku mmoja. Sasa kihamba hapo kiko wapi? Ukiuza maziwa, unaweza kumfuata mnunuzi nyumbani kumpangia nani ayanywe? Mpangaji si mgeni. Nilisema kwa sauti, na mkwe akaacha kula akaniuliza nasema na nani.

"Nasema na ukuta wa baba mwenye nyumba," nikamwambia. "Na wenyewe upate kusoma."

Kesho yake sikuondoka. Wala keshokutwa. Nilipika, nilifua, nilimkanda mzazi, na kila nikipita na ndoo namwona baba ameketi kwenye kiti chake cha plastiki karibu na geti, ananihesabu kama mbuzi wa jirani.

Nisimwonee. Si kila amri yake ilikuwa ya kijinga. Geti kufungwa saa nne, sawa, Pasua ina wezi. Kelele, sawa. Na ana sababu yake ya wageni: jirani yetu wa chumba cha mwisho, mama anayeuza mchele wa Chekereni sokoni, alinieleza kwamba baba aliwahi kumpangisha kijana mmoja, kijana akaleta ndugu zake wote, wakajaa mpaka choo kikafurika uani. Mtu aliyezoa mavi ya ukoo mzima ana haki ya kuogopa wageni. Lakini mimi ni bibi mmoja, na choo naenda mara chache.

Siku moja nilikuwa uani nachambua mchele, nikasikia ufunguo unazunguka mlangoni kwetu. Sikujali, nilidhani ni mwanangu amerudi. Kisha nikasikia mkwe wangu anapiga ukunga. Nilifika na ungo bado mkononi, mchele wote nyuma yangu kwa kuku. Baba mwenye nyumba alikuwa amesimama katikati ya chumba, ufunguo wake mkononi, na mzazi kitandani kifua wazi, mtoto ananyonya, anahangaika kuvuta kanga.

"Nakagua," akasema. "Nimesikia mnapika kwa mkaa ndani."

"Toka."

"Bibi, hii nyumba ni yangu."

"Kuta ni zako. Maziwa ya mkwe wangu si yako. Toka!"

"Nina haki ya kuona chumba changu kikoje."

"Na mimi nina ungo. Utatoka na haki yako kichwani au utatoka bila?"

Alitoka. Alitoka kinyumenyume, na wapangaji wote walikuwa wamekusanyika uani, na yule mama wa mchele akacheka mpaka akakaa chini. Nadhani kile kicheko ndicho kilichotuponza. Mwanamume unaweza kumfukuza, akakusamehe. Ukimcheka, hakusamehi.

Asubuhi bomba la uani lilikuwa na mnyororo na kufuli. Kaya zote za pale zinachota kwenye bomba moja, na zote zinalipia. Baba aliketi kwenye kiti chake akatangaza: "Maji yatafunguliwa bibi wa Mwika akishaondoka."

Hapo ndipo nilipojua ana akili. Watu walewale waliocheka nami jana, leo walinikazia macho. Mama wa mchele alikuja mlangoni, ndoo tupu mkononi.

"Bibi, mimi nakupenda. Lakini kwa ajili yako tunanunua maji ya madumu. Nina watoto wanne."

"Mimi ndiye niliyefunga lile kufuli?"

"Sio wewe. Lakini wewe ndiye utakayeondoka akafungua."

"Nikiondoka, kesho atakufungia wewe kwa lingine. Watoto wanacheza uani, sivyo?"

Alisonya akaenda. Jioni alirudi na dumu moja la maji, akaliweka kizingitini, akaenda zake. Mpaka leo sijui ulikuwa ukarimu au ni kunionyesha uzito wa dumu.

Mwanangu alirudi kutoka mlimani akakuta hali hiyo. Hata mzigo hakuutua vizuri. Akamwangalia mkewe, akamwangalia mtoto, akanivuta pembeni.

"Mama, twende nikate isale nimpelekee yule baba. Ni mtu wa kwetu. Isale hawezi kulikataa."

Isale ni jani letu, refu na la kijani, linaota mipakani mwa vihamba. Mtu akikukosea, akaja nalo mkononi, lazima umsamehe. Ukikataa, laana ni yako. Nimeona watu waliotaka kuchinjana wakikaa kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, pamoja kwa sababu ya isale. Ni jani kubwa. Ndiyo maana sikutaka litumike ovyo.

"Isale linapelekwa na mwenye kosa," nikamwambia. "Niambie kosa letu. Kuzaa?"

"Mama, si suala la kosa. Ni suala la maji."

"Ukimpelekea isale leo umekiri. Atatusamehe, na kuanzia hapo mkeo atalelewa kwa msamaha wake. Kila akikohoa tutatetemeka. Mimi sitaki kumlisha mzazi mtori wa msamaha."

"Sasa tufanyeje?"

"Mkataba wako uko wapi?"

Akakuna kichwa. Kijana wangu anaujua kila mwinuko wa ule mlima, lakini karatasi aliyosaini hajawahi kuisoma mpaka chini. Ilikuwa chini ya godoro. Akanisomea kwa sauti, neno kwa neno, nikiwa nimembeba mjukuu. Nikamwambia asome tena. Kisha nikavaa kitenge changu cha kanisani tukaenda ofisi ya mtaa.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka, anayeongea huku anatafuta kalamu. Alimwita baba mwenye nyumba siku hiyohiyo. Akaja amevaa koti. Tukakaa kwenye benchi moja, mimi, mwanangu na yeye, kama wagonjwa wanaongoja daktari mmoja.

Mwenyekiti alisoma karatasi kimya, kisha akauliza, "Hizi siku tatu za mgeni ziko wapi? Sizioni."

"Ziko ukutani," akasema baba.

"Uliziandika lini?"

"Mwaka huu. Baada ya kile choo."

"Na huyu kijana alisaini lini?"

"Kabla. Lakini aliona nikipaka rangi! Hata kopo alinishikia!"

Mwanangu akainamisha kichwa. Ni kweli alishika. Ndivyo nilivyomlea.

"Kushika kopo si kukubali sharti," mwenyekiti akasema. "Nisikilizeni wote, mimi si hakimu. Lakini haya nayasema kila wiki. Mnachokubaliana na kusaini kinawabana nyote wawili, mradi hakivunji sheria. Baba, unataka kuweka kikomo cha watu chumbani? Ni haki yako. Kaa na wapangaji, mkubaliane, iandikwe kwenye mkataba. Hutaki wapangishe wengine ndani ya vyumba vyako? Haki yako pia. Lakini mama kuja kumlea mzazi si kupangisha. Mpangaji akishakodi, chumba ni makazi yake. Ukitaka kukagua unatoa taarifa, unabisha hodi, mwenyewe yupo. Huingii na ufunguo wako kwa mzazi kama unaingia stoo."

"Na nikitaka watoke?"

"Unaandika notisi, inafuata muda wake. Wakikataa, kuna baraza la ardhi, wao ndio wataamua. Kufunga maji si hukumu. Lile kufuli litoke leo."

Nikajiona nimenenepa pale kwenye benchi. Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe mama. Hapa imeandikwa hakuna jiko la mkaa ndani wala kibarazani. Unapikia wapi?"

"Uani."

"Siku zote?"

Baba mwenye nyumba akaniangalia. Nikasema, "Mvua ikinyesha, kibarazani."

"Hilo umekosa."

"Hapo nimekosa," nikasema. "Hilo ni sharti la haki. Moshi unaua dari ya mtu, na mkaa ndani unaua watu." Siku iliyofuata mwanangu akaazima jiko la gesi. Mtori wa gesi hauna roho, nitasema hivyo mbele ya yeyote, lakini mzazi aliula.

Mambo yangeishia hapo kama baba asingetaka kuondoka na kitu. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa sauti ya harusini, "Basi mbele ya mwenyekiti, mimi kwa huruma yangu nimemruhusu bibi huyu akae mpaka mzazi apone."

Mwanangu akashusha pumzi. Mwenyekiti akafunga faili lake. Wote wakaniangalia, wakingoja asante.

"Baba," nikasema, "hiyo huruma irudishe nyumbani kwako. Sikuiomba."

"Mama," mwanangu akaninong'oneza.

"Usinivute kitenge, kitachanika. Baba, umesikia alichosema mwenyekiti. Nakaa kwa sababu mwanangu ni mpangaji. Nikisema asante leo, kesho utadai ulinipa."

"Bibi, una kiburi."

"Ninacho tele. Kingine nilikiacha Mwika, mzigo ulikuwa mzito."

Mwenyekiti alijifanya anatafuta kalamu. Niliona mabega yake yanacheka.

Kufuli lilitoka kabla jua halijazama. Hakuna aliyenipigia makofi, wala sikutegemea. Watu walikimbilia kupanga ndoo. Baba hakuniamkia tena. Tulipishana uani kama ng'ombe na mbwa, kila mmoja na njia yake. Nilifuata geti lake, nilifuata Jumapili yake ingawa haikuwa kwenye karatasi, maana Jumapili mimi mwenyewe sifui. Na nilimlea mzazi wangu mpaka mwisho wa uzazi wake. Kidonda kilifunga. Mashavu yakarudi. Siku ya kumtoa nilimvalisha vitenge vipya, nikamfunga kilemba, mtoto mgongoni kwangu, nikapita naye sokoni katikati ya nyanya na dagaa, nikitembea taratibu makusudi ili asiwepo mtu wa kusema hakumwona. Mama wa mchele alimzunguka mara mbili akasema, "Jamani, huyu amelelewa!" Maneno hayo tu ndiyo mshahara wangu, na nililipwa wote.

Mkataba ulipokaribia kwisha, baba alileta notisi, imeandikwa vizuri, na muda wa kutosha. Hataki kuendelea nao. Mwanangu alikasirika akataka turudi kwa mwenyekiti.

"Twende kusema nini?" nikamwambia. "Hii sasa ndiyo haki yake. Nyumba yake, mkataba unakwisha, ameandika kama mtu mzima. Tafuta kwingine."

Kwingine kulipatikana mtaa wa pili, kwa mama mmoja mjane, mwenye ua uliofagiwa na mkataba uliopigwa chapa. Siku ya kusaini nilishuka tena kutoka Mwika, na safari hii sikubeba mkungu. Nilikaa katikati yao, nikamwambia mwanangu asome yote kwa sauti. Akasoma. Ilikuwa na masharti mengi, na mengi yalikuwa ya haki. Akafika pa wageni: wasizidi wiki mbili. Akanyanyua kalamu.

"Weka chini," nikasema. Nikamgeukia yule mama. "Mwanangu bado kijana. Mkewe bado kijana. Akizaa tena, mimi nitakaa wapi?"

Akacheka. "Bibi, si utakuja tu? Mimi pia nina wakwe. Nitakufukuza kweli?"

"Sijui. Sikujui. Iandike."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba mke wa mpangaji akijifungua, mama mkwe atakaa naye muda wote wa uzazi."

"Bibi, kitu kama hicho hakijawahi kuandikwa kwenye mkataba."

"Mimi nina muda," nikasema, nikavuta kigoda nikakaa vizuri. "Kalamu hii hapa."

Yule mama akaichukua kalamu, akauliza, "Muda wa uzazi ndiyo miezi mingapi kwenu nyie?"

"Mitatu," nikamwambia. "Na kama ni kwa kisu, andika minne."